Gari Lenye Nguvu na Matairi ya Baridi: Maswali ya Wasomaji

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Minneapolis, Köln na Nairobi, na zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: gari la kasi lifungwe matairi gani, na je, seti moja yaweza kutosha mwaka mzima? Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo yenye mambo mengi zaidi.

Ndugu Mwandishi,

Salamu nyingi kutoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru na huu utakuwa mwaka wangu wa tatu hapa. Mwezi wa Mei nilinunua Subaru WRX ya mwaka 2023, gari nililolitamani tangu utotoni. Lina matairi ya kiwandani ya ukubwa wa 245/40R18, nami nimeambiwa kwamba hayo ni ya majira ya joto pekee. Jirani yangu mmoja ananishauri ninunue matairi ya misimu yote yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya kasi, niyafunge mara moja na nisihangaike tena. Jirani mwingine anasema bila matairi ya baridi nitaishia mtaroni. Mimi nilidhani kwamba Subaru, kwa kuwa inavuta kwa magurudumu yote manne, haina haja na haya. Seti ya pili si gharama ndogo, na nyumbani kuna wanaonitegemea. Nifanye nini?

*Msomaji, Minneapolis*

Jibu: Ndugu yangu wa Minneapolis, salamu zimefika, nami nakupongeza kwa gari. Sisi tulioanza kuyapenda magari hayo miaka ya 1990, Patrick Njiru alipokuwa akiendesha Subaru katika Safari Rally, tunaielewa furaha yako. Lakini gari lenye nguvu za farasi 271, likifungwa matairi yasiyofaa juu ya barafu, ni hatari kwako na kwa mtu usiyemjua anayevuka barabara, kwa hiyo naomba univumilie nikieleza jambo hili tangu mwanzo wake.

Nianze na lisilo na mjadala. Matairi uliyo nayo sasa lazima yaondoke kwenye gari kabla baridi haijashika. Mpira wa tairi la majira ya joto umechanganywa ili ushike lami yenye moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, mpira huo huanza kukakamaa, na tairi lililokuwa liking'ang'ania lami mwezi wa Julai huwa gumu kama soli ya plastiki mwezi wa Novemba, hata kama barabara ni kavu na hakuna chembe moja ya theluji. Wengi wetu tuliotoka nchi za joto hudhani kwamba tairi la baridi ni la siku ya theluji, kumbe ni la baridi yenyewe. Zaidi ya kuteleza, tairi la joto laweza kuharibika kabisa. Michelin, kwa mfano, huonya kwamba matairi yake ya kasi ya majira ya joto yakipatwa na baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au kali zaidi, yasisogezwe mpaka yamekaa kwa saa 24 mahali penye joto lisilopungua nyuzi 5, kwa kuwa mpira wake unaweza kupasuka nyufa. Basi hata kulitoa gari uani asubuhi moja ya Desemba, ili umpishe mwenye nyumba aondoe theluji, kunaweza kukugharimu matairi yote manne.

Sasa suala la kuvuta kwa magurudumu manne, ambalo naliona kuwa ndilo linalowaponza wenye Subaru kuliko jingine lolote. Mfumo huo husaidia gari liondoke. Katika kusimama hauna msaada, kwa sababu kila gari, hata lile dogo linalovuta kwa magurudumu mawili, lina breki katika magurudumu yote manne. Siku ya kukanyaga breki, gari lako halina la ziada mbele ya gari la jirani isipokuwa mpira unaogusa barabara. Ubaya wake ni kwamba gari likiondoka bila kuteleza, dereva huamini kuwa barabara ni salama, akaongeza mwendo, na ukweli akaujua taa ikiwa imeshageuka nyekundu. Hesabu yake haihitaji maabara. Ikiwa mshiko wa matairi juu ya barafu ni sawa na sehemu moja ya kumi tu ya uzito wa gari, basi gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa litahitaji karibu mita 98 kusimama tangu breki zianze kufanya kazi. Mshiko ukiwa maradufu, umbali huo hupungua hadi mita 49. Nusu hiyo hununuliwa kwa mpira, na hakuna injini wala giaboksi iwezayo kuileta.

Tuje kwa ushauri wa jirani yako wa kwanza. Tairi la misimu yote limetengenezwa kwa kupatanisha mahitaji yanayogombana: lisiyeyuke Julai, lisigande Januari, lisile mafuta mengi, lisipige kelele, lidumu miaka. Yapo mazuri ya magari ya kasi. Continental wanalo lao, ExtremeContact DWS 06 Plus, lenye herufi D, W na S zilizochongwa juu ya uso wa tairi, yaani lami kavu, maji na theluji. Herufi S ikifutika kwa kulika, umeambiwa kwamba tairi halifai tena kwa theluji. Naupenda uaminifu wa namna hiyo. Hata hivyo, usomapo ubavu wa tairi la misimu yote, tofautisha alama mbili. Herufi M+S, za matope na theluji, mtengenezaji huziweka kwa kuangalia umbo la mifereji ya tairi, bila kulazimika kulijaribu tairi hilo kwenye theluji. Alama ya mlima wenye vilele vitatu, na chembe ya theluji ndani yake, ambayo ilianza kutumika Amerika ya Kaskazini mwaka 1999, ina jaribio nyuma yake: tairi lazima livute juu ya theluji iliyoshindiliwa kwa angalau asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Lakini jaribio hilo la Amerika ya Kaskazini ni la kuvuta tu. Halipimi breki, halipimi kona, na halipimi barafu.

Naijua tofauti hiyo kwa sababu niliwahi kulipa bei yake. Majira yangu ya kwanza ya baridi ughaibuni nilimsadiki muuzaji mmoja aliyeniambia kwamba M+S ndiyo hiyo hiyo tu. Asubuhi moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, nilikanyaga breki mpaka mwisho nami nikaendelea kuteleza polepole hadi katikati ya njia panda, huku nikiwatazama watu waliosimama kando kwa hofu. Hakuna aliyeumia.

Ungekuwa unaishi Washington au Saint Louis, ambako theluji huja ikayeyuka baada ya siku chache na mtu anaweza kubaki nyumbani siku mbaya, ningekuambia umsikilize jirani wa kwanza na ununue matairi ya misimu yote yenye alama ya mlima. Minneapolis ni habari nyingine. Wastani wa joto la mwezi wa Januari hapo kwenu, usiku na mchana ukijumlishwa, ni karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, na theluji ya msimu mmoja kwa wastani hufikia sentimita 130 hivi. Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani hupoteza nguvu kadiri baridi inavyozidi, na ikifika nyuzi 9 hivi chini ya sifuri haiyeyushi kitu cha maana. Barabara kuu kama I-94 zitasafishwa kwa magreda na dawa nyingine, lakini mtaa wako, njia ya nyuma ya nyumba na sehemu ya kuegesha kazini zitabaki na theluji iliyokanyagwa na kung'arishwa kwa majuma. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa wazi: kwa gari hilo na mji huo, nunua seti ya matairi ya baridi, yote manne, nayo matairi ya kiwandani uyatunze kwa ajili ya majira ya joto.

Matairi ya baridi nayo si ya aina moja, na hapa mwenye gari la kasi hushawishika vibaya. Kuna yale ya baridi ya magari ya kasi, kama Michelin Pilot Alpin 5 na Continental WinterContact TS 860 S, yaliyobuniwa kwa barabara za Ulaya ya Kati, ambako lami mara nyingi ni baridi na yenye maji kuliko yenye barafu. Yana usukani wenye majibu ya haraka, na herufi zake za mwendo, yaani zile za ubavuni zinazoonyesha kasi ya juu ambayo tairi linaistahimili, ni za juu, H ya kilomita 210 kwa saa, V ya 240, hata W ya 270. Kuna na yale laini yasiyo na misumari, kama Bridgestone Blizzak WS90, Michelin X-Ice Snow na Nokian Hakkapeliitta R5. Hayo yana mpira unaobaki laini kwenye baridi kali, na vipande vyake vya mpira vimekatwa mikato membamba kwa mamia, ambayo hufunguka na kuiuma barafu. Nayo theluji inayonasa ndani ya mikato hiyo husaidia, kwani theluji hushikana na theluji. Herufi zake za mwendo ni za chini, pengine R, yaani kilomita 170 kwa saa. Sheria ya Minnesota hairuhusu zaidi ya maili 70 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 113, hata kwenye barabara kuu za mashambani, kwa hiyo herufi hiyo isikunyime usingizi. Ningekuwa mimi, ningechukua aina hii ya pili bila kusita. Gari litajisikia legelege kidogo kwenye kona kavu za Novemba, nawe utalizoea. Siku ya barafu hutajutia. Matairi ya misumari usiyatafute, maana sheria ya Minnesota kwa kawaida haiwaruhusu wakazi kuyatumia.

Kuhusu ukubwa, una bahati. WRX ya kiwango cha chini kabisa ya mwaka huo huo hutoka kiwandani na matairi ya 235/45R17, kwa hiyo unaweza kununua rimu za inchi 17 na kuyafunga hayo kwa msimu wa baridi, mradi fundi ahakikishe kwanza kwamba rimu hazigusani na breki zako. Tairi jembamba kidogo hupenya theluji hadi chini badala ya kuelea juu yake, na ubavu wake mrefu huistahimili ile mishtuko ya mashimo yanayofumuka mwezi wa Machi barafu inapoanza kuyeyuka. Tena matairi ya inchi 17 kwa kawaida ni ya bei nafuu kuliko ya inchi 18. Kuwa na rimu za pili hukuepusha na kung'oa matairi kwenye rimu mara mbili kila mwaka, kazi inayoumiza kingo za tairi na mfuko pia. Mwambie fundi afunge na sensa za upepo za rimu hizo mpya, la sivyo taa ya onyo itawaka majira yote ya baridi na siku tairi litakapopungukiwa upepo kwa kweli hutajua.

Usikubali kwa namna yoyote kufunga mawili tu. Katika gari linalovuta kwa magurudumu yote, matairi yenye mzingo tofauti huulazimisha mfumo wa katikati, ule unaogawanya nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ufanye kazi muda wote mpaka uchoke. Na katika gari lolote, mbele pakishika na nyuma pasiposhika, nyuma hutaka kutangulia.

Umenieleza kuhusu gharama, nami sitaki kuipuuza. Fahamu tu kwamba kuwa na seti mbili si kulika kwa matairi mara mbili: matairi ya joto yanapokuwa yamepumzika ghalani, hayaliki. Kwa mtu anayekusudia kukaa na gari miaka minne au mitano, fedha nyingi za matairi angezitumia tu, na kilicho cha ziada hasa ni rimu. Yahifadhi yaliyopumzika ndani, mahali pakavu, penye giza na pasipo baridi kali. Yabadilishe kabla ya mwisho wa Oktoba. Wenyeji wenye umri watakusimulia ile dhoruba iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991, ikaiangushia miji yenu pacha, Minneapolis na Saint Paul, sentimita 72 za theluji ndani ya siku nne. Baada ya kilomita 80 au 100 za kwanza, kaza tena nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo. Na upepo upime asubuhi, gari likiwa baridi, kwa maana hushuka kwa kiasi cha pauni 1 kwa inchi ya mraba (psi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazopungua. Tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye nyuzi 20 litakuwa limepungukiwa pauni 7 litakapolala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Shikamoo Mwalimu,

Ninaishi Köln, Ujerumani, nikifanya kazi ya uuguzi hospitalini. Nina Volkswagen Golf GTI. Sina ghala la kuwekea matairi, na kuyahifadhi gereji ni kulipa kila msimu, kwa hiyo nataka kufunga matairi ya misimu yote. Je, sheria inakubali, na je, yanatosha? Kila Krismasi mimi na watoto huendesha hadi Innsbruck, Austria, kwa dada yangu.

*Msomaji, Köln*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe. Inasema kwamba barabara ikiwa na barafu, theluji, theluji iliyoyeyuka nusu au umande ulioganda, gari lazima liwe na matairi yanayofaa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, yanayofaa ni yale tu yenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Herufi M+S peke yake hazikubaliki tena. Tairi la misimu yote lenye alama hiyo linakubalika sawasawa na la baridi. Ukikamatwa bila hilo utalipa yuro 60 na kuandikiwa nukta moja ya kosa katika rekodi yako ya udereva, na ukizuia njia ya wengine faini hupanda hadi yuro 80.

Je, yanatosha? Kwa Köln, bonde la mto Rhein lenye baridi ya upole na mvua nyingi kuliko theluji, naamini yanatosha, na kwa aliye na nafasi finyu kama wewe ndiyo yangekuwa chaguo langu pia. Tafuta tairi ambalo majaribio ya vyama vya magari, kama ADAC, yamelisifu kwa breki kwenye maji, kwa kuwa maji ndiyo utakayokutana nayo siku nyingi zaidi. Ujue pia unachokipoteza: GTI ni gari la usukani mkali, na siku ya Julai kwenye barabara za milima ya Eifel utahisi kwamba limepungua makali. Kama furaha ya gari kwako iko hapo, basi lipia ghala. Kama gari ni la kwenda zamu ya usiku na kuwapeleka watoto shule, usijisumbue.

Jambo moja huwapita wengi. GTI yaweza kufika kilomita 250 kwa saa, na matairi mengi ya aina hii yana herufi V, ya kilomita 240. Ukiyafunga, ni lazima kibandiko chenye kikomo hicho kiwekwe mahali ambapo dereva anakiona, nawe usivuke mwendo huo. Duka linaloaminika litakibandika bila kuombwa.

Safari ya Innsbruck ndiyo inayonitia wasiwasi kidogo. Austria, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, barabara zikiwa na hali ya baridi, hulazimisha matairi ya baridi au ya misimu yote yenye alama, na mifereji yake iwe na kina kisichopungua milimita 4. Milimita 1.6, ambayo ni kikomo cha Ujerumani, huko haikusaidii: tairi lenye milimita 3 litapita salama Köln, kisha liwe kosa ukishavuka mpaka. Basi kila Novemba pima kina mwenyewe, nayo matairi yakikaribia milimita 4, yabadilishe kabla ya safari. Beba minyororo ya theluji, baada ya kusoma katika kitabu cha gari kama ukubwa wa matairi yako unairuhusu, na ujifunze kuifunga uani kwako mchana, mikono ikiwa na joto. Theluji nzito ikitangazwa siku ya kuondoka, lala Köln usiku mmoja zaidi. Dada atangoja.

Ndugu Mwandishi,

Nimepokea Subaru Levorg ya mwaka 2018 kutoka Japani, nayo imefika Nairobi ikiwa na matairi yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni pamoja na maandishi ya Kijapani. Yana mifereji mirefu, kama mapya. Fundi wangu anasema ni matairi laini mazuri sana, niyatumie mpaka yaishe. Ni kweli?

*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Ndugu, hapana. Fundi amesema kweli kwamba ni laini, na hapo ndipo penye tatizo.

Hayo ni matairi ya baridi halisi, ndugu wa yale niliyomshauri msomaji wa Minneapolis ayanunue. Wajapani wa mikoa ya theluji zamani walitumia matairi ya misumari ya chuma, ambayo yalikwangua lami ikawa vumbi la kuwaumiza watu vifua, mpaka mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzuia vumbi hilo. Mahali pake pakachukuliwa na tairi lisilo na misumari, linalotegemea ulaini wa mpira na mikato yake myembamba. Blizzak ya kwanza ya Bridgestone ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1988. Gari lililoishi Hokkaido au Tohoku, likiuzwa wakati wa baridi, huja kwetu na matairi yake ya baridi miguuni. Kwa hiyo habari hii inawahusu wengi Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, wala si wewe peke yako.

Mpira uliochanganywa ubaki laini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri hulegea mno juu ya lami ya Voi saa nane mchana. Vile vipande vilivyokatwakatwa huyumba chini ya uzito wa gari, usukani huchelewa kujibu, na breki za ghafla huchukua umbali mrefu zaidi, hasa barabara ikiwa na maji. Kwa gari la turbo linaloweza kufika kilomita 110 kwa saa kabla hujamaliza kuzungumza, hilo si jambo la kuvumilia. Na hayatadumu: mpira laini hulika upesi kwenye joto, kwa hiyo hata ile akiba unayodhani umeipata utaiona ikiyeyuka.

Tazama mambo mawili kabla hujayatoa, ili uwe na hakika. La kwanza, ndani ya mifereji utakuta vinundu vya mpira vinavyoonyeshwa na mishale ubavuni. Tairi likilika hadi vinundu hivyo, yaani nusu ya kina chake cha mwanzo, Wajapani hawalihesabu tena kuwa tairi la theluji. Tairi la kawaida halina vinundu vinavyofika nusu ya kina namna hiyo; lina vile vifupi tu vya kuonyesha kwamba limekwisha. La pili, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT, kama zimechapwa, au zile zinazofanana nazo: 4117, kwa mfano, ni juma la 41 la mwaka 2017. Mifereji mirefu haisemi lolote juu ya umri. Tairi la baridi laweza kuwa limetumika miezi minne tu kila mwaka na bado likawa na miaka minane, mpira wake umeshaanza kukauka na kupasuka nyufa ndogo kwenye ubavu.

Kibandiko cha upepo kwenye mlango wa dereva kitakuonyesha ukubwa wa matairi ya kiwandani. Nunua ya kawaida ya majira ya joto ya ukubwa huo; yale ya misimu yote nayo yatakufaa ukiyapata kwa bei nzuri, ingawa Nairobi, isiyojua baridi ya nyuzi 7 isipokuwa kwa nadra, haina sababu ya kukulipisha kwa ajili ya theluji. Dukani, omba usomewe tarakimu nne za kila tairi kabla hujalipa, na yaliyozidi miaka mitatu rafuni uyarudishe. Yale ya STUDLESS usimuuzie dereva mwingine kama mitumba. Anayeyanunua kwa kuona mifereji mirefu atakuwa anakosea vile vile ulivyotaka kukosea wewe, naye huenda akawa na abiria kumi na wanne nyuma yake.